KAZI YA KULINDA MELI KWA SIMU YA UPEPO
Jinsi kijana wa Nairobi awezavyo kuisomea, na mambo yampasayo kuyajua kwanza

Wakaaji wengi wa Nairobi hudhani kwamba habari za meli ni habari za watu wa Pwani tu, na kwamba mtu aliyezaliwa Dagoretti au Kangemi hana jambo lolote na bahari. Dhana hiyo si kweli. Sehemu kubwa ya ngano inayookwa mikate ya mjini huja kwa meli. Petroli iendeshayo matatu za Waiyaki Way hufika Mombasa katika meli za mafuta, kisha hupandishwa bara kwa njia ya bomba, na bomba la kwanza lilianza kazi mwaka 1978. Mabati, mbolea, mitumba, karatasi za vitabu vya shule, vyote hivyo hupita katika mlango mmoja mwembamba wa Kilindini. Na mlango huo huo hukatwa kwa ubavu, mchana na usiku, na vivuko vya Likoni vilivyojaa watu waendao kazini na warudio makwao.

Basi msomaji na afikiri kidogo. Meli yenye urefu wa mita 200 na zaidi yaingia kutoka bahari kuu. Kivuko chenye mamia ya watu chataka kupita mbele yake. Meli nyingine imekwisha kufungua kamba gatini nayo yataka kutoka, na mashua za wavuvi zimetapakaa katikati. Meli kubwa haisimami kama gari. Hata injini ikirudishwa nyuma kwa nguvu zote, chombo huendelea kwenda mbele masafa marefu kabla ya kutulia. Kwa hiyo hapana budi awepo mtu awaonaye wote kwa pamoja, ajuaye kila mmoja akusudia kufanya nini, na awezaye kusema nao mapema kabla ya hatari kufika. Mtu huyo na wenzake ndio tunaotaka kueleza habari zao, maana vijana wengi wa mjini wamesikia kwamba kuna kazi nzuri katika mambo haya, lakini wachache mno wajuao ni kazi ya namna gani na husomewa wapi.

KAZI YENYEWE NI IPI

Kuna mahali patatu ambapo mtu wa simu ya upepo hufanya kazi kwa ajili ya usalama wa meli.

Mahali pa kwanza ni chomboni. Zamani kila meli kubwa ilikuwa na fundi wake wa simu, mwenye chumba chake, aliyepeleka na kupokea habari kwa alama za Morse. Umuhimu wa mtu huyo ulifahamika kwa msiba. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli Titanic ilipogonga mlima wa barafu, meli iliyoitwa Californian ilikuwa si mbali nayo. Lakini ilikuwa na fundi mmoja tu wa simu, naye alikuwa amefunga mashine yake na kwenda kulala muda mfupi kabla ya ajali. Vilio vya Titanic vikapita hewani bila ya mtu wa Californian kuvisikia. Meli Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia kwa sababu fundi wake alikuwa bado macho, nayo ikaokoa watu zaidi ya 700. Waliokufa walikuwa kama 1,500. Baada ya hapo mataifa yalikutana London, na katika mkataba wa mwaka 1914 ndipo lilipowekwa sharti la kukesha kwenye simu ya upepo usiku na mchana.

Walakini kazi ya fundi wa Morse haiko tena. Tangu mwaka 1992 mpaka tarehe 1 Februari 1999 mataifa yaliingiza kidogo kidogo mpango mpya wa taabu na usalama baharini, ambao katika vyeti huandikwa kwa herufi GMDSS. Katika mpango huo mashine zenyewe hukesha. Afisa akibonyeza kitufe chekundu, simu hupeleka mara moja nambari ya meli, mahali ilipo na saa. Kuna na boya dogo ambalo meli ikizama hujifungua lenyewe, huelea juu, na kuita msaada kwa kupitia vyombo vinavyozunguka angani. Kwa hiyo kazi ya simu sasa wamekabidhiwa maafisa wanaoongoza meli, na kila mmoja wao hana budi awe na cheti chake. Jambo hili ni la kuangaliwa sana, kwa sababu bado wako watu wanaowaambia vijana kwamba wakisomea simu peke yake watapata nafasi ya fundi wa simu melini. Katika meli za mizigo nafasi hiyo karibu imekwisha kabisa. Atakaye kusema kwa simu akiwa melini na asomee uafisa wa meli. Simu itakuwa mojawapo ya masomo yake.

Mahali pa pili ni pwani, katika kituo cha kusikiliza wenye taabu na kuwapelekea msaada. Mombasa kina kituo cha namna hiyo kilichofunguliwa mwezi Mei 2006, cha kwanza kati ya vituo vitano vilivyokusudiwa kwa bara zima la Afrika. Eneo lake halikomei Kenya tu, bali lahusu pia bahari za Tanzania, Shelisheli na Somalia. Baada ya mapatano yaliyotiwa sahihi Djibouti tarehe 29 Januari 2009, kituo hicho kiliongezewa kazi ya kupashana habari za maharamia.

Mahali pa tatu ni chumba cha kuongoza meli bandarini. Bandari ya kwanza kubwa kuweka rada kwa kazi hiyo ilikuwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1948. Siku hizi mbele ya mwongozaji huwa na kioo kinachoonyesha ramani ya maji, na juu yake kila meli ni alama iendayo polepole, yenye jina, mwendo na mwelekeo wake. Habari hizo hutoka kwenye rada na kwenye chombo cha kujitambulisha ambacho meli zote za abiria, na meli za mizigo zenye tani 300 au zaidi ziendazo nchi za nje, zimelazimishwa na sheria za mataifa kuwa nacho.

Watu wengine humfananisha mwongozaji huyu na polisi wa barabarani pale mzunguko wa Haile Selassie, ainuaye mkono na magari yote yakasimama. Mfano huu si mzuri. Nahodha ndiye mwenye meli yake, naye ndiye atakayejibu ikipanda mwamba. Mwongozaji wa pwani hashiki usukani wa mtu. Kwa azimio la mataifa la mwaka 2021 kazi yake ni kutoa habari kwa wakati ufaao, kuangalia na kupanga mwendo wa vyombo, na kuchukua hatua aonapo hatari inazaliwa. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mtu yeyote aweza kuona hatari iliyokwisha kufika. Huyu hana budi aione ikiwa bado ni alama mbili kiooni zinazosogeleana, na bado kuna dakika kumi na tano.

KWA NINI SIMU YA MKONONI HAITOSHI

Msomaji wa mjini aweza kuuliza: kwa nini taabu yote hii, na kila baharia ana simu mfukoni? Jibu ni kwamba simu ya mkononi humlilia mtu mmoja, naye huenda amelala, au simu yake imekwisha moto. Simu ya upepo ya baharini husikiwa na kila chombo kilicho karibu, na chombo cha karibu ndicho kifikacho kwanza. Tena minara ya simu za mkononi haiko katikati ya bahari.

Wako walioitafuta minara hiyo kwa gharama kubwa. Tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba huko Pointe d'Esny katika kisiwa cha Morisi, nayo ikamwaga mafuta yapatayo tani 1,000 katika maji ya wavuvi. Uchunguzi ulionyesha kwamba meli ilisogezwa karibu na nchi ili watu wake wapate kushika mawimbi ya simu zao za mkononi. Katika bahari yetu hii hii, basi, chombo kizima kilipotea kwa sababu hiyo.

MAFUNZO MAGUMU NI YA LUGHA

Mtu angedhani kwamba somo gumu ni la mashine. Mashine hufunzwa kwa majuma machache. Somo ambalo huwashinda wengi ni la kusema, na kwa kuwa kazi ya mwandishi ni kufasiri, ataomba ruhusa ya msomaji kukaa hapa kidogo.

Melini hukutana Mfilipino, Mhindi, Mgiriki na Mkenya. Wote husema Kiingereza, lakini kila mmoja Kiingereza chake. Kwa hiyo mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilikubali kitabu cha maneno maalum yatakayotumiwa baharini, na mwanafunzi hana budi ayashike kama mtoto ashikavyo hesabu za kuzidisha. Kila neno la maana hutanguliwa na neno moja la kuonyesha ni neno la namna gani, na maneno hayo ya kutangulia ni manane. Kwa Kiswahili twaweza kuyaita amri, shauri, onyo, habari, swali, jibu, ombi, na kusudi. Mwongozaji akisema “Shauri: ngoja nje ya mlango,” nahodha ataangalia mambo yake na kuamua. Akisema “Amri: ngoja nje ya mlango,” ni lazima nyuma yake iwepo sheria impayo nguvu ya kuamuru. Mtu anayechanganya shauri na amri aweza kumfanya nahodha asimame mahali ambapo mkondo utamsukuma juu ya fungu.

Tena yako maneno yaliyokatazwa. Kwa Kiingereza liko neno moja ambalo laweza kuwa na maana ya “huenda nikaingia” na pia “naruhusiwa kuingia?” Mwenye kusikiliza katika kelele hawezi kujua ni lipi, kwa hiyo neno hilo hutupwa kabisa, na msemaji hufundishwa kuuliza waziwazi kama anayo ruhusa ya kuingia. Hali kadhalika maneno yote ya namna ya “ingefaa” na “labda”. Sisi tuliolelewa kusema kwa adabu twaona tabu hapa. Kijana aliyezoea kuanza na “Shikamoo mzee, habari za safari, watu wa nyumbani hawajambo?” atajifunza kwamba hewani salamu hizo ni kuzuia njia ya mtu mwenye taabu. Hapana kukosa heshima katika jambo hili. Heshima ya kule ni ufupi.

Hesabu nazo zina hatari yake. Kiingereza cha kumi na tano na cha hamsini hufanana masikioni. Basi kila tarakimu husemwa peke yake, moja, tano. Na mtu asifikiri kwamba Kiswahili kimesalimika, maana katika upepo na mngurumo wa injini “sita” na “sitini”, “saba” na “sabini”, hazina tofauti kubwa.

Lakini mtego mkubwa zaidi kwa mwanafunzi wa kwetu ni saa. Mvuvi wa Shimoni akisema chombo kilitoka saa tatu asubuhi, saa za ofisini ni 0900, na katika vitabu vya meli, ambavyo hufuata saa moja kwa dunia nzima iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, ni 0600. Tatu, tisa, sita: saa moja ile ile yenye majina matatu. Chombo kisicho na injini hupelekwa na mkondo kila saa ipitayo, na mtu akikosea saa tatu, watafutaji watatumwa mahali ambapo hapana kitu. Jambo jingine la namna hiyo: upepo hutajwa kwa upande utokako, bali mkondo wa maji hutajwa kwa upande uendako. Mabaharia wa kwetu, ambao tangu zamani wamesafiri kwa kaskazi na kusi, hawana shida na hili. Ni vijana wa mjini wanaolisahau katika mtihani.

Na hapa ndipo ujumbe wa taabu unapofundishwa. Mwanafunzi hubonyeza kitufe chekundu kwanza, kisha huita kwa mdomo katika njia ya 16, ambayo ni ya mawimbi ya 156.8. Husema “Mayday” mara tatu. Neno hilo lilibuniwa katika miaka ya 1920 kwa kufuata sauti ya maneno ya Kifaransa yenye maana ya “nisaidieni”. Halafu hutaja jina la chombo mara tatu na nambari yake. Kisha hufuata mambo ambayo hayaruhusiwi kubadilishwa nafasi zake: mahali chombo kilipo, taabu iliyokipata, msaada unaotakiwa, na idadi ya watu waliomo. Mahali hutangulia kwa sababu, simu ikikatika baada ya neno hilo tu, mwokozi ajua kwa kwenda.

Idadi ya watu yaonekana kuwa jambo dogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, watu zaidi ya 220 wakafa. Kilikuwa kimejazwa kupita kiasi, na kwa siku kadhaa hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika ni wangapi waliopanda. Mwaka 1994, tarehe 29 Aprili, kivuko cha Mtongwe kilizama Mombasa na kuua watu 272. Hapo pia chombo kilikuwa kimebeba kuliko kadiri yake. Mwokozi asiyejua idadi hajui ni wakati gani aache kutafuta. Hata simu iwe nzuri namna gani, haiwezi kutaja hesabu ambayo hakuna aliyeiandika gatini.

NAIROBI INA NINI

Nairobi haina bahari, lakini ina mambo manne yanayohusu kazi hii, na yote yako mjini au upande wa magharibi na kusini magharibi, ambako mtu afika kwa matatu moja au mbili.

La kwanza liko Westlands, kando ya Waiyaki Way, katika Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ilianzishwa mwaka 1999 ikiwa na jina la tume. Hiyo ndiyo hugawa mawimbi ya hewani na kutoa leseni ya simu ya kila meli ya Kenya, pamoja na jina la kuitia na nambari yenye tarakimu tisa ambayo kwa meli zetu huanza na 634. Wafanyakazi wake ni wahandisi na mafundi wa redio. Kijana apendaye mashine kuliko mawimbi yenye chumvi aweza kufanya kazi ya usalama wa meli maisha yake yote asione bahari ila kwa likizo.

La pili liko Dagoretti Corner, Ngong Road, ambako iko Idara ya Hali ya Hewa pamoja na chuo chake, ambacho ni mojawapo ya vyuo vya kanda vinavyotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kuna watu wapitao hapo kila siku wakienda Kawangware au Karen, nao hawajui kwamba ndani ya ua ule huandikwa habari za mawimbi na upepo wa Bahari ya Hindi. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, idara za Kenya na Tanzania zilitoa tahadhari kabla hakijafika, na tahadhari kama hizo ndizo watu wa simu huzisoma hewani kwa mabaharia. Mtabiri wa hali ya hewa, basi, ni mwenzi wa mwongozaji wa meli, na mafunzo yake yapatikana hapa hapa.

La tatu liko Mbagathi, kwenye barabara ya Magadi. Mwaka 1948 serikali za Afrika ya Mashariki zilifungua pale shule ya kufundisha watu wa posta na simu kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Shule hiyo iligeuzwa kuwa chuo cha mawasiliano mwaka 1992, ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2008, na tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu kamili, kinachoitwa Multimedia. Hapo, na katika Chuo Kikuu cha Ufundi kilichoko Haile Selassie Avenue mjini, kijana hupata msingi wa umeme na mawasiliano. Msingi huo si cheti cha baharini, lakini asiye nao huona tabu baadaye.

La nne ni kwamba Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lina ofisi yake ya Afrika ya Mashariki na Kusini hapa Nairobi, ambayo huzisaidia serikali kupanga mafunzo.

Baada ya hayo hapana budi kushuka Pwani. Maafisa na mabaharia husoma katika Bandari Maritime Academy ya Mombasa, iliyopewa cheo hicho mwaka 2018 kutoka chuo cha zamani cha bandari, na katika vyuo vikuu vyenye masomo ya bahari. Wengine huenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam, au Alexandria nchini Misri. Bibi Elizabeth Marami, anayejulikana kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa meli, alisoma huko Alexandria. Yafaa ikumbukwe kwamba neno rubani lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la ndege: ni mtu ajuaye mlango wa bandari, anayepanda meli ya mgeni na kumwonyesha njia.

Mafunzo ya kuongoza meli kutoka pwani hufuata mtaala wa shirika la mataifa la minara ya taa na alama za baharini, lililoko Ufaransa. Mwanafunzi husoma lugha, sheria, ramani, rada na simu. Kisha huketi mbele ya chombo cha kuigiza, ambamo mwalimu humletea ukungu, meli iliyokatika usukani, na mashua isiyojibu, vyote kwa saa moja. Akifaulu, bado hajawa kitu. Ataketi kando ya mwongozaji mzoefu katika bandari ile ile atakayofanya kazi, mpaka ajue tabia za maji yake. Aliyefundishwa Mombasa hawezi kuhamishwa Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, akakalia kiti siku hiyo hiyo.

FEDHA, NA WATU WA KUJIHADHARI NAO

Hapa mzazi na asome polepole. Ada ya chuo ni jambo la halali, na mwenye kutaka mafunzo hana budi kuilipa, pamoja na gharama za mafunzo ya mwanzo ya baharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa kazini. Lakini ada ya kupewa kazi si halali. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wakataza wakala kumtoza baharia fedha za kumtafutia kazi. Baharia hulipia cheti cha daktari, kitabu chake cha ubaharia, na pasipoti. Hata viza haimo katika malipo yake.

Pamoja na hayo, huonekana vyumba vya juu vya majengo ya mjini vyenye picha ya meli ukutani, na mtu aliyevaa shati jeupe lenye alama mabegani, atakaye “fedha za kushika nafasi”. Wako wazazi waliouza ng'ombe, na wengine kipande cha shamba, wakapewa karatasi yenye muhuri na tarehe ya kusafiri ambayo haikufika. Mawakala wa mabaharia hawana budi kuwa na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, yenye makao yake Mombasa. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mtu na aiulize Mamlaka hiyo mambo mawili: je, wakala huyu anayo leseni, na je, chuo hiki kimeruhusiwa kutoa cheti hiki? Tangu mwaka 2010 Kenya imo katika orodha ya mataifa ambayo vyeti vyake vya ubaharia hukubaliwa duniani. Lakini hukubaliwa vile vya vyuo vilivyoidhinishwa, si vya kila chumba chenye picha ya meli.

Kwa upande wa shule, kijana angali kidato cha tatu na akaze hesabu, fizikia, jiografia na Kiingereza. Kila chuo hutangaza alama zake. Atakaye kwenda melini apimwe macho mapema, hasa kwa rangi, kwa maana taa za vyombo usiku ni nyekundu, kijani na nyeupe, na asiyeweza kuzitenganisha hatapewa zamu ya kuongoza meli. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa ada kuliko baada yake. Cheti cha simu cha GMDSS hakitolewi kwa mtu aliye chini ya miaka 18, na vyeti vya maafisa hurudiwa kila miaka mitano.

Kazi yenyewe ni ya zamu, na zamu ya usiku ndiyo ndefu. Mara nyingi hapatokei neno. Mwenye kupenda kuzungumza na watu mchana kutwa asiitafute, wala mwenye kusinzia. Kwa wengine waliobaki, mwombaji wa Nairobi na aanze kwa kupeleka nakala za vyeti vya shule, kitambulisho, na barua fupi chuoni kabla ya mwaka mpya wa masomo, akiuliza kwa maandishi jumla ya ada yote mpaka mwisho, siku za mafunzo ya vitendo, na mahali yatakapofanywa. Na jibu nalo liwe la maandishi.